Mawese ya haki: fundo liko kwenye lango la kinu

Mchikichi una sifa moja inayowatatiza wote wanaotaka upigwe marufuku: hakuna mmea mwingine unaotoa mafuta mengi namna ile katika eneo dogo namna ile. Hekta moja ya michikichi iliyotunzwa vizuri hutoa tani tatu hadi nne za mafuta kwa mwaka. Soya na alizeti, kwa wastani wa dunia, hazifikishi hata tani moja. Ndiyo maana mawese ni zaidi ya theluthi ya mafuta yote ya mimea yanayozalishwa duniani, ilhali michikichi imechukua chini ya sehemu moja ya kumi ya ardhi inayolimwa mazao ya mafuta.

Sasa chukua uamuzi wa Iceland, kampuni ya maduka ya Uingereza, ambayo mwaka 2018 ilitangaza kuyaondoa mawese katika bidhaa zenye nembo yake. Au wa Sri Lanka, ambayo Aprili 2021 ilizuia mawese yasiingie nchini na kuamuru mashamba ya michikichi yang'olewe hatua kwa hatua. Nia inaeleweka. Lakini mahitaji ya mafuta hayaondoki kwa kuondoa mawese, na anayeyaacha atanunua ya soya au ya alizeti yanayodai ardhi zaidi. Shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, IUCN, lilipoichambua hoja hii mwaka 2018, lilionya kwamba mazao mengine yangehitaji hadi mara tisa ya ardhi ili kutoa kiasi kilekile. Na soya ya Amerika Kusini nayo ina misitu yake ya kujibia.

Hoja hii ni ya kweli, na makampuni yanaipenda kupita kiasi, kwa sababu mtu anaweza kuisema nusu tu na kunyamaza. Mavuno makubwa kwa hekta hayamfaidii lolote mtu aliyenyang'anywa hekta hiyo. Wala hayaurudishi msitu uliofyekwa. Kwa hiyo swali la maana linahusu namna ya kuyapata mafuta haya bila kuendelea kumega misitu, na nani alipe gharama ya kufanya hivyo. Sehemu ya pili ya swali hilo ndiyo inayokwepwa.

Ilivyofika hapa

Mchikichi ni mti wa Afrika Magharibi na Afrika ya Kati. Kwa karne nyingi watu wa huko wamevuna katika vichaka vya michikichi inayojiotea au iliyopandwa kidogokidogo, na kazi ya kukamua imekuwa mikononi mwa wanawake zaidi. Mwaka 1848 miche minne ilipandwa katika bustani ya mimea ya Bogor, kisiwani Java, na kutokana na kizazi chake ndiyo ikatoka sehemu kubwa ya mashamba ya Asia ya Kusini-Mashariki. Shamba la kwanza la kibiashara nchini Malaysia lilianza mwaka 1917.

Dhuluma nayo haikuanzia Asia. Mwaka 1911 kampuni ya sabuni ya Lever ilipewa na serikali ya Ubelgiji haki ya kuvuna michikichi katika maeneo makubwa ya Kongo. Vibarua walipatikana kwa mabavu, kwa kodi na kwa viboko; mwaka 1931 Wapende wa eneo la Kwilu waliasi, na uasi ule ukazimwa kwa damu. Nayataja haya kwa sababu lugha ya leo kuhusu "uendelevu" huanza hadithi kwenye orangutani, sokwe wa misitu ya Asia, kana kwamba kabla yake mambo yalikuwa shwari.

Jambo jingine lililobadilisha kila kitu ni mdudu. Kule Malaysia, michikichi ilikuwa mbali na wadudu wake wa asili, hivyo vibarua walilazimika kuchavusha maua kwa mkono. Mwaka 1981 fukusi mdogo kutoka Cameroon aliachiwa mashambani, akaifanya kazi hiyo bure, na mavuno yakapanda. Leo Indonesia na Malaysia pekee huzalisha zaidi ya sehemu nne kwa tano za mawese yote, Indonesia ikiwa na zaidi ya nusu.

Saa ishirini na nne

Ukitaka kuelewa kwa nini biashara hii imekaa ilivyokaa, anza na jambo la kikemia. Mkungu wa chikichi ukishakatwa, vimeng'enya vilivyomo ndani ya tunda huanza kuyavunja mafuta, na kila tunda linapopata jeraha kazi hiyo huenda kasi zaidi. Mafuta hupanda asidi, thamani inashuka. Dawa ni kuiwahisha mikungu kwenye kinu ikapikwe kwa mvuke, na muda unaokubalika ni kama siku moja, mbili zikizidi sana.

Mwenye mahindi anaweza kuyaweka ghalani akingoja bei ipande. Mwenye kahawa anaweza kuikausha akatafuta mnunuzi wa mbali. Mwenye chikichi hana nafasi hiyo. Akishakata, ameshauza, kilichobaki ni kuambiwa bei. Na kwa kuwa barabara za vijijini ndizo zilizo, mara nyingi kinu kinachofikika ni kimoja tu.

Mwenye kinu naye ana hofu yake. Mashine za mvuke na mikamuo ni mtaji mkubwa, na zinahitaji mikungu ya kutoka maelfu ya hekta, kila siku, mwaka mzima. Kwa hiyo mwekezaji hataki kujenga mpaka awe na uhakika wa mashamba yanayokizunguka kinu. Hapo ndipo yanapotoka mashamba makubwa yasiyo na mwisho, na hapo ndipo inapotoka njaa ya ardhi. Watu hudhani ni uroho peke yake. Uroho upo, lakini hata mtu mwema akijenga kinu atasukumwa na hesabu ileile.

Tazama kinachotokea langoni. Lori la mkulima mdogo, au la dalali aliyekusanya kwa wakulima kumi, linapimwa kwenye mizani, kisha mikungu inamwagwa kwenye sakafu ya saruji. Mkaguzi wa kinu anapita na fimbo yenye ncha ya chuma akiigeuza. Huu haujaiva: rangi bado nyeusi, hakuna tunda lililojidondosha. Huu umepitiliza. Huu kikonyo chake kimeachwa kirefu, kinaongeza uzito usio na mafuta. Kwa kila kasoro kuna asilimia ya kukatwa, naye ndiye anayeitaja. Mkulima mara nyingi hayupo. Yupo dereva, ambaye anataka kurudi kabla ya giza. Akibisha atafanya nini? Mikungu ilikatwa jana. Hakuna kinu kingine atakachokifikia kabla haijaharibika.

Nchini Indonesia serikali za mikoa hupanga bei elekezi ya mikungu kwa kufuata umri wa mti. Ni utaratibu mzuri kwenye karatasi, na unawasaidia zaidi wakulima wenye mkataba na kampuni. Mkulima huru anayepitia kwa dalali hupata kilichobaki baada ya usafiri, makato na riba ya mkopo wa mbolea, ambao mara nyingi dalali huyohuyo ndiye aliyeutoa. Simlaumu dalali moja kwa moja. Yeye ndiye mwenye lori na ndiye anayelipa taslimu siku hiyohiyo, wakati ushirika uko mbali au haupo.

Baada ya kinu, njia zote zinafutika

Kinu hutoa aina mbili za mali: mafuta ya nyama ya tunda, yale mekundu, na kokwa ambazo hukamuliwa kwingine kwa matumizi ya sabuni na vipodozi. Mafuta yanaingia kwenye tangi, kutoka tangi hadi bandarini, bandarini yanachanganywa na ya vinu vingine, yanasafishwa, yanatenganishwa, yanageuzwa kuwa viambato vyenye majina mengi ambayo mnunuzi wa sabuni hawezi kuyatambua. Ni kama maji ya visima mia yaliyomwagwa katika pipa moja: ukichota kikombe huwezi kusema hiki ni cha kisima gani.

Kwa hiyo kinu ni mahali pa mwisho ambapo bado unaweza kuuliza mkungu umetoka wapi. Mashamba ni mamilioni, wanunuzi wa mwisho ni mabilioni, lakini vinu ni takriban elfu mbili tu dunia nzima, na kila kimoja kinaonekana kwa setilaiti. Mtu anayetaka kuisafisha biashara hii atafika pale tu. Mambo yaliyofanikiwa katika miaka kumi na kitu iliyopita, kwa maoni yangu, yote yalipita kwenye lango hilo.

Desemba 2013 Wilmar, kampuni kubwa kuliko zote katika uuzaji wa mawese, ilitangaza kwamba haitanunua tena kwa wanaofyeka misitu, wanaolima kwenye ardhi ya mboji (tabaka la mimea ya kale iliyozama majini, nitalirudia mbele) au wanaowanyonya watu. Wengine wakafuata. Ahadi zilikuwa nyingi kuliko vitendo, lakini mwaka 2018 kampuni kama Unilever, watengenezaji wa sabuni na vyakula, zilianza kutoa hadharani orodha ya vinu vinavyowauzia, na hapo mambo yakabadilika: mwanaharakati mwenye picha za setilaiti aliweza sasa kuonyesha msitu uliofyekwa, kinu kilicho karibu, na majina ya bidhaa zinazotokana nacho. Serikali ya Indonesia nayo ilikuwa imesimamisha tangu 2011 utoaji wa vibali vipya katika misitu ya asili na ardhi ya mboji, na mwaka 2019 zuio hilo likawa la kudumu. Bei ya mawese pia ilikuwa imeshuka kwa miaka kadhaa, jambo ambalo huwa halitajwi kwenye sherehe. Kwa pamoja, ufyekaji wa misitu ya Indonesia kwa ajili ya michikichi ulipungua kufikia 2020 kwa takriban asilimia 80 ukilinganisha na kilele cha muongo mmoja kabla. Ulipanda tena kidogo baadaye, lakini anayesema hakuna kilichobadilika hajaangalia takwimu.

Mwanya uliobaki ni dalali tena. Hifadhi ya Taifa ya Tesso Nilo, mkoani Riau nchini Indonesia, imemegwa kwa kiasi kikubwa na michikichi isiyo halali. Mikungu ya mle haina alama. Inapakiwa kwenye lori moja na ya shamba halali, inauzwa kwa kituo cha ukusanyaji, kituo kinauza kwa kinu, na kinu kinasema kweli kinapodai kimenunua kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa.

Cheti kinasema nini hasa

Mwaka 2004 wazalishaji, wafanyabiashara, benki na mashirika ya mazingira waliunda jukwaa la pamoja la mawese endelevu, linalojulikana kwa kifupi kama RSPO. Mafuta ya kwanza yenye cheti chake yalitoka 2008, na leo yanakaribia sehemu moja ya tano ya mawese yote duniani. Masharti ya awali yaliruhusu ufyekaji wa misitu ya aina fulani. Novemba 2018 yalikazwa, na sasa yanakataza kufyeka misitu na kuanzisha mashamba mapya kwenye mboji.

Watu wengi hawajui kwamba cheti hicho kina ngazi nne, na tofauti zake ni kubwa. Ngazi ya juu ni mafuta ya kinu kimoja kinachojulikana, yasiyochanganywa na mengine hadi mwisho. Ya pili ni mchanganyiko wa vinu kadhaa, vyote vyenye cheti. Ya tatu inakubali kuyachanganya na mafuta yasiyo na cheti. Kinachodhibitiwa ni vitabu vya hesabu tu, kwamba ukinunua tani kumi zenye cheti usiuze zaidi ya tani kumi kwa jina hilo. Ya nne haina uhusiano wowote na mafuta unayopokea: unanunua hati kutoka kwa mzalishaji mwenye cheti, naye anapata fedha zake, wakati mafuta yaliyomo kwenye sabuni yako yanaweza kutoka popote.

Ni rahisi kuziita ngazi mbili za mwisho utapeli. Mimi siziiti hivyo. Kutenganisha matangi, meli na mabomba ni gharama, na anayeshindwa kuibeba kwanza ni kikundi cha wakulima wadogo walio mbali na bandari. Hati inaweza kununuliwa kwao moja kwa moja hata kama chikichi yao inaishia kwenye kinu kisicho na cheti. Kinachoniudhi ni kifungashio kutosema wazi kilichomo ni kipi.

Udhaifu wa kweli uko kwingine. Mkaguzi hulipwa na anayekaguliwa. Na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mafuta yenye cheti imeuzwa kama ya kawaida, kwa sababu wanunuzi hawakutaka kulipa zaidi. India ndiyo muagizaji mkubwa kuliko wote, na soko lake linaangalia bei. Mzalishaji aliyegharamia ukaguzi, akaacha kulima bonde lake la mboji, akakuta tangi lake linaondoka kwa bei ya jirani yake aliyechoma msitu, atafanya hivyo mara ngapi?

Mboji

Neno mboji hapa lisikupeleke kwenye rundo la takataka za bustani. Ni tabaka la mimea iliyozama majini kwa maelfu ya miaka bila kuoza, wakati mwingine lenye kina cha mita nyingi, lililojaa kaboni. Ili mchikichi ukae, maji hutolewa kwa mifereji. Mboji ikikauka inaanza kuoza, ardhi inazama sentimita kadhaa kila mwaka, na ukitokea moto haukai juu. Unashuka chini ukafuka kwa wiki kadhaa. Mwaka 2015 Indonesia iliungua hekta milioni 2.6, takriban theluthi moja zikiwa za mboji, moshi ukafunika hadi Singapore, na Benki ya Dunia ikakadiria hasara ya dola bilioni 16. Kanuni za Indonesia sasa zinataka maji yasishuke zaidi ya sentimita 40 chini ya uso wa ardhi. Kuziba mifereji na kupima kina cha maji si kazi ya kupigiwa picha, lakini inapunguza hewa ukaa kuliko miti mingi inayopandwa kwenye hafla.

Lipo pia jambo dogo ambalo lingeweza kumalizwa karibu kote kwa fedha tu: maji machafu. Kila tani ya mafuta huacha zaidi ya tani mbili za maji hayo, yakivunda kwenye madimbwi ya wazi na kutoa gesi ya methani. Ukiyafunika madimbwi na kuivuta gesi unapata umeme wa kuendeshea kinu. Teknolojia ipo na vinu vingi tayari vinaitumia.

Kazi yenyewe

Hadi leo mashine ya kuvuna chikichi inayoaminika haijapatikana. Kazi ni ya mkono. Mvunaji hubeba upondo mrefu wenye mundu kwenye ncha, wakati mwingine mrefu kuliko nyumba, akiusimamisha huku shingo imepinda. Anakata kwanza makuti yanayozuia njia, kisha kikonyo. Mkungu wa kilo 15, 20 au zaidi unaanguka, anaruka pembeni. Unapotua, matunda yaliyoiva sana yanatawanyika kwenye majani, na hayo ndiyo yenye mafuta mengi, hivyo lazima yaokotwe moja moja. Halafu mti unaofuata, na baada ya siku kama kumi anarudi kwenye mti uleule.

Malipo yanafuata mikungu au hekta za siku. Kiwango kikipangwa juu kuliko nguvu za mtu mmoja, mvunaji anamleta mke wake aokote, na wakati wa likizo za shule anawaleta watoto. Kwenye daftari la kampuni ameandikwa mtu mmoja. Utumikishwaji wa watoto kwenye mashamba haya mara nyingi hauanzii kwa mnyapara mwenye fimbo. Unaanzia kwenye hesabu ya kiwango cha kazi. Kuweka bango langoni la kukataza watoto bila kupunguza kiwango ni kumkata mshahara baba yao. Wanawake wengi huajiriwa kwa siku, bila mkataba, wakinyunyizia dawa za magugu. Malaysia ilipiga marufuku mojawapo ya dawa hatari zaidi, parakwati, kuanzia 2020.

Malaysia ina tatizo lake la ziada: mashamba yake yanategemea wahamiaji kutoka Indonesia, Bangladesh, India na Nepal. Wengi wao huanza kazi wakiwa na deni la ada za mawakala, na wakifika pasipoti zinashikiliwa na mwajiri. Mwaka 2020 Marekani ilizuia mizigo ya kampuni mbili kubwa, FGV na Sime Darby Plantation, kwa dalili za kazi ya kulazimishwa. Kilichofuata kina funzo kubwa. Ndani ya muda mfupi zikapatikana fedha za kuwarejeshea vibarua ada walizolipa, na Sime Darby ikafunguliwa soko mwaka 2023. Ripoti za mashirika zilikuwa zimeandikwa kwa miaka. Forodha iliyafanya kwa barua moja yale ambayo ripoti hazikuyaweza.

Ardhi, na wenyewe

Kwa miongo mingi serikali ya Indonesia iliihesabu misitu ya jamii za asili kuwa mali ya taifa, ikaigawa kwa makampuni kwa muhuri. Mei 2013 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba misitu ya kimila si misitu ya serikali. Uamuzi ni mzito. Utekelezaji umekwenda polepole, kwa sababu kila jamii inatakiwa itambuliwe kwanza na wilaya yake, ipimiwe, isajiliwe.

Kuna kanuni ya ridhaa: jamii iombwe kabla, ipewe taarifa zote, iwe huru kukataa. Azimio la Umoja wa Mataifa la haki za watu wa asili la mwaka 2007 linaitaja, na RSPO inaidai. Tatizo ni jinsi inavyotimizwa. Mkutano mmoja, karatasi ya mahudhurio, soda, sahihi. Baadaye sahihi ya mahudhurio inasomwa kama sahihi ya kukubali. Ridhaa ya kweli inachukua miezi, inahitaji ramani iliyochorwa na wanakijiji wenyewe, na inakubali kwamba jibu linaweza kuwa hapana.

Tangu 2007 sheria za Indonesia zinataka kampuni isaidie kuanzisha mashamba ya wanakijiji yenye ukubwa wa angalau asilimia 20 ya eneo lake. Jamii nyingi zinalalamika hazijapata, au zimepata shamba linaloendeshwa na kampuni yenyewe, likiwa na deni ambalo hakuna mwanakijiji anayejua linaisha lini. Kudai hesabu hizo zitolewe wazi kungekuwa hatua ya haki isiyohitaji teknolojia yoyote.

Mkulima mdogo na mche wa uongo

Wakulima wadogo wana takriban asilimia 40 ya eneo la michikichi nchini Indonesia, lakini mavuno yao mara nyingi ni kama nusu ya yale yanayowezekana. Sababu ni mbolea, barabara na ukataji wa mikungu isiyoiva, na zaidi ya yote ni mche.

Michikichi ya asili iko ya aina mbili zinazohusika hapa: yenye gamba nene kwenye kokwa, na isiyo na gamba, ambayo mara nyingi haizai vizuri. Ukizichanganya unapata chotara mwenye gamba jembamba na nyama nyingi, ndiyo yenye mafuta. Siri hii ilifumbuliwa na watafiti wa Yangambi, Kongo, mwaka 1941. Sasa mkulima akiokota mbegu chini ya chotara aliyestawi na kuzipanda, urithi unagawanyika: nusu tu ndiyo inayotoka chotara, robo inarudi kwenye gamba nene, robo inatoka karibu tasa. Kwenye kitalu miche yote inafanana. Wauza miche feki wanalijua hilo. Mkulima atagundua baada ya miaka mitatu au minne, na mti unakaa miaka 25.

Huyo ndiye mtu anayeambiwa asifyeke hekta ya pili. Hekta yake ya kwanza ikizaa ipasavyo hatahitaji ya pili; hapa mazingira na haki vinashikana mkono, jambo lisilotokea kila mara. Lakini kung'oa miti mibovu ni kukaa miaka mitatu bila mapato. Indonesia ilianzisha mwaka 2015 mfuko unaotokana na tozo ya mawese yanayouzwa nje, na moja ya kazi zake ni kutoa ruzuku ya kupanda upya. Sehemu kubwa ya fedha imekwenda kufidia dizeli inayochanganywa na mawese, inayotengenezwa na makampuni makubwa. Tozo hushusha bei ya mkungu shambani, kwa hiyo mkulima mdogo anachangia. Anachokipata ni kidogo, na kukipata anahitaji hati ya ardhi ambayo wengi hawana.

Tahadhari moja. Mavuno yakipanda pasipo ulinzi wa msitu, kilimo kinakuwa na faida zaidi na watu wanapata hamu zaidi ya kufyeka. Ruzuku ya mche na mpaka wa msitu viende pamoja, kwenye mkataba mmoja, na jamii nzima.

Sheria ya Ulaya inakuja na ramani

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayokataza kuingiza mawese na mazao mengine kadhaa yaliyolimwa kwenye ardhi iliyofyekwa misitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kila shehena iwe na alama za kijiografia za mashamba ilikotoka. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, huku Indonesia na Malaysia zikiipinga.

Naiunga mkono, kwa wasiwasi. Kampuni yenye hekta elfu hamsini ina ramani tayari. Mkulima wa hekta mbili anauza kwa dalali, dalali anauza kwa kinu, na mipaka yake inajulikana kwa mti wa jirani. Njia rahisi kwa kampuni ni kupeleka Ulaya mafuta ya mashamba yake yenyewe na kuyaelekeza ya wakulima wadogo kwenye masoko yasiyouliza. Ulaya itapata mafuta safi, msitu hautaona tofauti, na mkulima ameondolewa kwenye soko linalolipa vizuri zaidi bila kufanya kosa lolote.

Kuzuia hilo kunawezekana. Mwaka 2019 RSPO ilitoa viwango maalumu kwa wakulima huru, vinavyotimizwa kwa hatua na kwa kikundi. Sabah, jimbo la Malaysia, iliahidi mwaka 2015 kupata cheti kwa jimbo zima badala ya shamba mojamoja. Muda imekuwa shida, lakini wazo ni zuri, maana mpaka wa msitu, hati za ardhi na usajili wa madalali ni kazi ambazo serikali inaweza kuzifanya mara moja kwa wote.

Anayenunua mawese kwa wingi, au anayeiuliza kampuni inayoyatumia, ana maswali manne ya kuanzia. Vinu vyenu ni vipi, kwa majina? Cheti ni cha ngazi gani kati ya zile nne? Ni kiasi gani cha mikungu kinatoka kwa wakulima huru, na je, kinaongezeka au kinapungua tangu mlipoanza kudai ramani? Na gharama ya ramani hiyo, pamoja na miaka mitatu ya kungoja mche mpya uzae, mmechangia kiasi gani?